Nani ameshika saa 2 ya usiku?

*Redio ilizipanga jioni zetu, televisheni ikazirithi. Leo zinagombewa na mpira, king'amuzi, simu na umeme. Mwandishi wetu amezunguka Korogwe na Handeni kufuatilia ratiba ya vipindi: ilikotoka, na nani anaiandika sasa.*

Na Mwandishi Wetu, Korogwe na Handeni

UBAO umeegemezwa kwenye ukuta wa mabati, Manundu, mjini Korogwe. Rangi yake nyeusi imeanza kubanduka pembeni, lakini chaki inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara: mechi saa 10 jioni, mechi saa 1 usiku, mechi saa 4 usiku. Chini kabisa limebanwa neno "muvi" na mshale unaolisukuma katikati ya mechi mbili za mwanzo. Kiingilio Sh500.

Ndani kuna mabenchi saba ya mbao. Runinga imefungwa ukutani kwa nondo ili wezi wasiibebe, na king'amuzi kimekalishwa juu ya kreti la soda. Kijana mwenye banda anatoka na simu mkononi, anafuta "saa 1" kwa kiganja, anaandika "saa 2:15". Mechi imesogezwa.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa anasimama mlangoni na kuuliza kama leo ataona taarifa ya habari. "Shikamoo mzee wangu. Leo habari hazina nafasi," kijana anamjibu. "Labda wakati wa mapumziko." Mzee anaitikia marahaba, anatazama ubao kidogo, kisha anashika njia ya kurudi kwake.

Kwa watu wa rika lake, saa 2 usiku ilikuwa na mwenyewe. Watoto walinyamazishwa, sufuria zikateremshwa taratibu, na mgeni aliyebisha hodi wakati huo alikaribishwa kwa ishara ya mkono, salamu zikasubiri. Ilikuwa saa ya taarifa ya habari, na nchi nzima ilijua.

Sisi watazamaji huichukulia ratiba ya vipindi kama tunavyoichukulia mvua, kwamba inakuja yenyewe. Lakini saa 2 ina watu walioiweka, wakaitetea, wakaiuza, na wengine wakanyang'anywa. Katika wilaya hizi mbili, ambako mchana ni wa shamba la mahindi, wa mkonge au wa mnada wa ng'ombe, mtu ana saa mbili au tatu tu za kukaa mbele ya runinga kabla usingizi haujamshinda. Anayezipanga saa hizo ameshika kitu kikubwa.

### Ngoma za Mzee Morris

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 ukiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikalivunja, redio ikawa chini yake moja kwa moja: Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Tangu hapo hadi miaka ya 1990, kwa mtu wa Sindeni au Mashewa, ratiba kubwa ilikuwa moja na ilitoka mahali pamoja.

Taarifa ya habari ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyeweza kupiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Aliyekuwa bado njiani akizisikia kutoka nyumba ya jirani alijua amechelewa kiasi gani. Baada ya habari yalikuja Mazungumzo Baada ya Habari. Mama na Mwana kilikuwa kipindi cha watoto, na Pwagu na Pwaguzi kilikuwa cha kila mwenye mbavu.

Halafu kulikuwa na matangazo ya vifo. Hayo yalikuwa na kimya chake. Ndugu aliyekuwa kazini Mwanza au Mbeya angeweza kusikia msiba wa Bungu kwa redio siku kadhaa kabla barua haijamfikia, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kugusa kitufe wakati majina yanasomwa.

Nyumbani kwetu redio ilitumia betri nne kubwa. Zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati mchana kutwa ili jioni zipate pumzi ya nusu saa, na nusu saa hiyo haikuchezewa. Baba aliifungua redio saa 2 kasoro dakika mbili, akaifunga mara habari zilipokwisha. Ratiba niliijua kwa betri kabla sijajua kuisoma saa.

Serikali ilizitumia saa za redio kwa ustadi ambao hatujauona tena. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima viliundwa vikundi vya kusikiliza redio, kila kimoja na kiongozi wake na kijitabu chake, na kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikaa pamoja wakasikiliza. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, wakajadiliana, wakakubaliana nani achimbe choo na nani afyeke vichaka karibu na nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo. Kipindi kilikuwa na nguvu kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa chini wakikisubiri.

> Mkoa mzima ulipangiwa ratiba tofauti kwa miaka miwili, ili ionekane mchezo wa redio unaweza kufanya nini.

Ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu hiyo ulipatikana mwaka 1993, RTD ilipoanza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza uliosikika jioni mara mbili kwa wiki. Mhusika wake mkuu, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake katika kila kituo alichosimama, na mkewe Tunu ndiye aliyebeba mzigo wa nyumba. Kwa watu wa Segera na Mombo, ambako malori hulala, Mkwaju hakuhitaji kuelezwa. Walikuwa wakimuuzia chakula.

Watafiti waliokuwa nyuma ya mchezo huo walifanya jambo ambalo wasikilizaji hawakulijua. Mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine saa hizo hadi mwaka 1995, ili wapate eneo la kulinganisha. Walikuta kwamba mahali mchezo uliposikika, watu walibadilika zaidi katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na Ukimwi. Saa ileile, nchi ileile, isipokuwa mkono mmoja ulikuwa umegeuza swichi. Huwa nawakumbuka watu wa Dodoma kila ninaposikia mtu akisema ratiba ni suala la burudani tu.

### Maji ya kwetu, mwanga wa mbali

Televisheni ilichelewa Bara kwa makusudi. Zanzibar ilikuwa na yake tangu mwaka 1973, tena ya rangi, wakati huku hatukuwa hata na nyeusi na nyeupe. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona ni anasa kwa nchi yenye vijiji visivyo na maji. Mlango ulifunguliwa na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, na mwaka 1994 vikaingia hewani CTN, DTV na ITV ya Reginald Mengi. Televisheni ya Taifa, TvT, ambayo leo ni TBC1, ilizinduliwa rasmi mwaka 2000.

Hapo kuna jambo ambalo mtu wa Korogwe ana haki ya kulisema kwa uchungu. Kituo cha umeme cha Hale, ndani ya wilaya hii, kilianza kuzalisha megawati 21 mwaka 1964. Chini yake kidogo kwenye Mto Pangani kilifuata kituo kipya cha Pangani Falls chenye megawati 68, mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya runinga za kwanza kuwashwa Dar es Salaam. Maji yaliyopita Korogwe yaligeuzwa umeme, umeme ukasafirishwa kwa nyaya nene hadi mjini, na chini ya nyaya hizo kaya nyingi zilikuwa zinawasha koroboi.

Runinga za mwanzo zilizofika vijijini ziliendeshwa kwa betri za gari. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu, kijana mmoja akapanda kuigeuza huku wa chini wanapiga kelele: rudisha, rudisha, hapohapo! Sebule ya mwenye nayo ilijaa mpaka dirishani. Viatu vilipangwa mlangoni kama msikitini. Waliangalia Isidingo ya Afrika Kusini kwenye ITV bila kuelewa Kiingereza chote, wakaangalia michezo ya Kaole ambako akina Steven Kanumba walijifunzia kazi, na baadaye wakacheka na vijana wa Ze Comedy, ambao walipohama EATV kwenda TBC1 walihama na watazamaji wao.

Televisheni iliirithi saa 2 kutoka redioni. ITV, TBC na Star TV ya Mwanza zote zikaweka taarifa kubwa ya habari hapohapo, na mtu mwenye chaneli tatu alichagua mtangazaji, kwani saa ilikuwa moja.

Kwa nchi yetu saa hiyo ina mantiki. Huku jua huzama mapema kwa muda unaokaribiana mwaka mzima. Magharibi ikiingia mifugo imefungwa, watu wanaoga, wanakula, na saa 2 mikono imekauka. Mwezi mmoja tu ndio huivuruga, nao ni Ramadhani. Baada ya futari wanaume wengi wa Handeni wako msikitini kwenye tarawehe wakati habari zinaanza, na wanaporudi wanasimuliwa na wake zao. Sijaona kituo kikubwa kilichoisogeza taarifa yake kwa ajili yao.

### Wamarekani nao waliipigania

Marekani ndiko ratiba ya televisheni ilikofanywa biashara kamili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na mashirika manne, NBC, CBS, ABC na DuMont, kila moja likiwa na vituo vya miji mbalimbali vilivyojiunga nalo. Shirika lilitengeneza au kununua vipindi vya jioni, kituo cha mji kikavirusha, na muuza sabuni au sigara akalipia. DuMont lilikufa katikati ya miaka ya 1950. Matatu yaliyobaki yakagawana jioni za Wamarekani kwa miongo mitatu.

Nchi yao ina saa tofauti. Kipindi kinachoanza saa 2 usiku New York kinaonekana Chicago saa 1. Los Angeles, walio nyuma kwa saa tatu, walikuwa wakirushiwa filamu iliyopigwa kutoka kwenye kioo, picha ikiwa na ukungu, mpaka mkanda wa video ulipoanza kutumika mwaka 1956. Tangu mwaka 1953 jarida la TV Guide likaanza kuuzwa nchi nzima kwa kazi moja ya kuwaambia watu nini kinaonekana saa ngapi, na likawa miongoni mwa majarida yaliyouzwa sana Marekani.

Wapangaji wa ratiba wakawa wakubwa kuliko watunzi. Kipindi kichanga kiliwekwa kati ya viwili vyenye nguvu ili kibebwe. Kisichopendwa kilisukumwa Ijumaa usiku, vijana wakiwa nje. Habari zilikuwa dakika 15 tu hadi Septemba 1963, CBS ilipozifanya nusu saa na NBC ikafuata wiki moja baadaye.

Hata saa 2 yao, ambayo leo ndiyo mwanzo wa vipindi vikubwa vya usiku, haikujitokeza yenyewe. Zamani vilianza saa 1:30. Mwaka 1970 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilitunga kanuni iliyoyazuia mashirika makubwa kuchukua zaidi ya saa tatu za jioni katika miji mikubwa, na mwaka 1971 ikaanza kutumika. Kipande kilichobaki kilirudishwa kwa vituo vya miji. Kanuni hiyo ilidumu hadi katikati ya miaka ya 1990.

### Walipofuta vipindi vya shamba

Mwaka huohuo wa 1971 yalitokea mambo ambayo mkulima wa Handeni angeyaelewa bila mkalimani. CBS ilikuwa na vipindi vingi vya maisha ya shamba: The Beverly Hillbillies, Green Acres, Mayberry R.F.D., Hee Haw. Vingine vilikuwa bado miongoni mwa vinavyoangaliwa sana nchini. CBS ikavifuta karibu vyote kwa mkupuo. Sababu ilikuwa kwamba walioviangalia walikuwa watu wa vijijini na wazee, na watangazaji wa biashara walitaka vijana wa mjini wenye fedha mfukoni. Watazamaji walihesabiwa, wakaonekana ni wengi, kisha wakaambiwa idadi yao haina thamani.

> Watazamaji walihesabiwa, wakaonekana ni wengi, kisha wakaambiwa idadi yao haina thamani.

Hee Haw hakikufa. Waliokitengeneza walianza kukiuza kituo kwa kituo, na vituo vya miji vilikuwa na nafasi ya kukiweka kwa sababu Serikali ilikuwa imevirudishia kile kipande cha jioni. Kikaendelea kwa miaka 20 na ushei. Kipindi cha wanakijiji kilipona kwa sababu kulikuwa na nusu saa ambayo shirika kubwa halikuruhusiwa kuigusa.

Nilikuwa na habari hiyo kichwani nilipokaa na wakulima karibu na Kabuku, chini ya mwembe, wakipumzika baada ya palizi. Niliuliza vipindi vya kilimo wanaviangalia lini. Walicheka kwanza. Wanavijua, wamevisikia, lakini kila wanapovikuta ni asubuhi au mchana, mtu yuko shamba. Mama mmoja, mwenye jembe bado mkononi, alisema yeye kuhusu viwavi wa mahindi alifundishwa na video fupi aliyotumiwa na mwanawe aliye Dar es Salaam, na aliitazama saa 3 usiku akiwa kitandani. Saa 3 usiku, runinga yake ikiwa sebuleni inaonyesha tamthilia ya Kituruki.

Sina ugomvi na Waturuki. Tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili zimewapa watu raha ya kweli, na kazi hiyo ilianza zamani kidogo. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya msichana Doudou na mama wakwe zake, ikizungumza Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Bibi wa Korogwe aliona visa vya mkwe na mkaza mwana vya Beijing akasema ni vya kwake. Hilo ni jambo jema. Ninachouliza ni kwa nini nusu saa moja ya usiku, kati ya zote za wiki, haiwezi kuwa ya mahindi yake.

### Saa zilipofungiwa kwenye kisanduku

Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Dodoma na Tanga zilifuata Januari 31, 2013. Marekani yenyewe ilikuwa imezima Juni 2009, miaka mitatu na nusu tu kabla yetu, na Kenya ilizima mwaka 2015 baada ya mvutano uliozitoa hewani Citizen, NTV na KTN. Tanzania ilitangulia, na waliohusika wana haki ya kujivunia.

Lakini antena ya kijana aliyepanda mtini ilikuwa bure, na king'amuzi kilikuwa cha kununuliwa. Leseni za kusambaza matangazo ya dijitali zilikuwa tatu, StarTimes na wenzake wawili, Continental na Ting. Picha ikawa safi pale ilipofika. Milima ya Usambara haina heshima na mawimbi, na kuna mabonde ya Korogwe ambako jirani wa juu anaona na wa chini anaona nyota nyeupe. Hao walikwenda kwenye dishi, na Azam ilipoanza Desemba 2013 madishi yakachipua mpaka kwenye nyumba za udongo.

Sheria inataka chaneli za kitaifa za bure zibaki zinaonekana hata kifurushi kikiisha. Wengi vijijini hawajui kuwa hiyo ni haki yao. Wanadhani wanafanyiwa hisani. Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisema leseni za DStv, Zuku na Azam haziruhusu kubeba chaneli hizo za bure, zikaondolewa. Baadaye kanuni zikarekebishwa, lakini kwa kipindi kile mtu wa Mkata mwenye dishi alikuwa na chaneli za nchi za mbali bila habari za vituo vikubwa vya nchi yake. Kisheria kila upande ulikuwa na hoja yake. Sebuleni hakukuwa na mtu wa kuieleza.

### Mpira umeshika chaki

Turudi kwenye ubao wa Manundu, maana nguvu kubwa kuliko zote iko pale.

Tangu utotoni mechi ya ligi ilikuwa saa 10 jioni. Shabiki wa Coastal Union aliondoka Korogwe asubuhi, akaingia Mkwakwani mchana, na usiku akalala kwake. Azam ilipochukua haki za Ligi Kuu, na hasa baada ya mkataba wa mwaka 2021 wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, mechi zilisambazwa: mchana, jioni, saa 1, saa 2 na kitu. Ilikuwa lazima. Runinga haiwezi kuonyesha mechi nne kwa wakati mmoja na kupata faida. ABC ya Marekani ilifanya hivyohivyo mwaka 1970 ilipouhamishia mpira wao wa Kimarekani Jumatatu usiku.

Fedha hizo zimesaidia klabu, hilo halina ubishi. Wachezaji wa timu ndogo wanaonekana na kaka zao wa kijijini. Ila zamani runinga ilikwenda kuufuata mpira, na sasa mpira unapangiwa muda na runinga. Mashabiki wa Tanga wanaosafiri ndio wanaolipa tofauti kwa nauli na kwa usiku. Ukijumlisha Ligi Kuu ya England Jumamosi na Jumapili na mechi za Ulaya katikati ya wiki, taarifa ya habari katika kibanda umiza kama hiki cha Manundu haina pa kukaa.

Juu ya hao wote yuko mpangaji mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2023, wakati wa mgao wa umeme, ratiba iliyosomwa kwa makini kuliko zote Korogwe ilikuwa ya TANESCO. Hali ilipoa baada ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024, lakini jenereta dogo la bandani Manundu bado liko nyuma ya pazia, limefunikwa gunia.

### Segera, saa 3 kasoro

Wapo wanaosema mjadala huu umechelewa. Vijana niliozungumza nao stendi ya Handeni hawajui tena Jumanne saa 3 kuna nini. Wanaangalia kipande cha habari kwenye simu wanapotaka, wakiwa na bando. Kwao ratiba ni pingu iliyokwisha kukatwa, na wakiniambia hivyo siwezi kuwapinga kwa moyo wote. Nani anataka kurudi kwenye betri za kuanika?

Wenye vituo nao wana yao. Tangazo la biashara la karibu na saa 2 ndilo linalolipa mishahara ya waandishi wanaokwenda mikoani, na kipindi cha kilimo usiku hakina wa kukidhamini. Hoja hiyo ni nzito. Lakini ndiyo ileile iliyotumika CBS mwaka 1971, na Wamarekani, wanaopenda biashara kuliko sisi, waliona inafaa kuwekewa mpaka.

Ninaona mambo mawili yanawezekana bila kuua mtu. TBC, inayolipwa na kodi ya mkulima, iweke nusu saa ya kilimo na mifugo kati ya habari na tamthilia, walau siku mbili kwa wiki, kwa kufuata msimu wa huku: palizi ikifika izungumzwe palizi. Na TCRA iwatangazie watu, kwa Kiswahili cha kawaida na kwenye minada, ni chaneli zipi hazipaswi kuzimika kifurushi kikiisha.

Segera niliikuta barabara imejaa. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, njia panda hii hailali. Kwenye basi lililosimama kushusha abiria wa Tanga, kioo cha mbele kilikuwa kinaonyesha filamu ya Kibongo, na mwenye rimoti alikuwa konda. Dereva wa lori alikuwa ameegemea tairi, uso wake ukiangazwa na simu. Mama lishe alikuwa na redio ndogo kwenye ndoano juu ya chungu cha supu, sauti imepunguzwa, akisikiliza huku anahesabu chenji.

Nilirudi Manundu usiku uliofuata. Mechi ilianza tena saa 2:15 na banda lilijaa mpaka mlangoni. Filimbi ya mapumziko ilipolia kijana alikumbuka, akachukua rimoti, akabonyeza mara mbili, tatu, akitafuta. Alipoipata, mtangazaji alikuwa anakusanya karatasi zake na kuaga. Kijana alitazama mlangoni, kisha akarudisha kwenye mpira.